Kidole Kimoja, Begi Moja

Mimi nikikasirika naongea haraka, mtanivumilia. Na nimekasirika tangu Januari, sijapoa.

Naitwa Zena, Mama Mujibu. Kwetu ni Masasi, nimeolewa hapa Newala mwaka wa kumi na tisa huu, na baridi ya huku juu bado hatujaelewana. Nasimamia chumba cha kubangulia katika kiwanda kimoja cha korosho hapa mjini. Jina la kiwanda sitalitaja, maana bado nakula pale. Wanawake thelathini na wanane wanakaa kwenye mabenchi, kila mmoja na mashine yake ya mkono, anapasua ganda, anatoa kiini. Mimi napita katikati na daftari. Kabla sijapewa hilo daftari nilikaa benchi lile lile miaka minane, na jirani yangu wa kulia alikuwa Oliva.

Nazungumza habari za Oliva kwa sababu zimeandikwa vibaya. Kiwanda kimetoa kalenda mwaka huu. Ukifungua mwezi wa kwanza unamwona Meneja wetu, Bwana Eliakimu, tumbo mbele, anamkabidhi mtoto begi la shule, na chini pameandikwa kwamba yeye ndiye mwanzilishi wa mpango wa kusaidia wanafunzi wenye uhitaji. Mwanzilishi! Nyoo! Mpango ule aliuanzisha Oliva kwa debe tupu la mafuta ya mbarika, na Meneja wakati huo alikuwa hajui hata mlango wa chumba chetu unafungukia upande gani.

Oliva ni Mmakonde wa Mkunya, ila amepanga chumba hapa mjini, nyuma ya soko, yeye na binti yake Tekla. Mumewe, Bernard, alivuka Ruvuma kwenda kutafuta maisha, akayapata, yakiwa na mke mwingine ndani yake. Oliva alipoletewa habari hiyo alicheka mpaka akashika ubavu, akasema, "Masikini mwanamke wa watu, hajui kama Bernard anakoroma." Kisha akarudi kwenye mashine yake. Hakulia mbele yetu, na ole wake aliyejaribu kumpa pole. Nilimpa pole mimi mara moja, akaniuliza kama kuna msiba kwetu.

Miaka minne iliyopita mwenzetu mmoja, Kulwa, alikuja kazini macho yamevimba. Mtoto wake hakwenda shule, ameona haya kwa sababu daftari lake limeisha na jipya hakuna. Oliva akazima maneno yote mle ndani. "Daftari?" akasema. "Mtu mzima analia kwa ajili ya daftari, na sisi tumekaa thelathini humu tunanuka mafuta? Hatuna aibu!" Akanyanyuka, akachukua debe tupu, akaliosha kwa maji yake ya kunywa, na maji huku kwetu juu mnajua ni ya kununua, akaliweka mlangoni. Anayetoka bila kutia kitu, akasema, kesho asinisalimie.

Watu wakatia. Kalamu, daftari, mkebe, kipande cha sabuni ya mche. Faridi, karani wetu, alitia kalamu aliyoitafuna kichwa chote, Oliva akaitoa akamfuata nayo ofisini. "Hii mle wewe na meno yako," akamwambia. Mwisho wa mwezi debe likajaa. Na kugawa kwake kulikuwa hivi: anafunga vitu kwenye kanga, anapita nyumbani kwa mtu kama anakwenda kuomba chumvi, anakaa, anazungumza mambo ya shamba, akiondoka kanga ameisahau. Hakuna aliyeitwa kwa jina. Mtoto alikwenda shule na daftari kama watoto wengine, basi. Miaka miwili tulifanya hivyo.

Halafu mambo mazuri yakasikika ofisini.

Meneja akaandika barua kwa wafadhili Dar es Salaam. Yakaja maboksi, ikaja bendera ya plastiki ya kutundika getini, zikaja fulana. Debe likaondolewa, likawekwa boksi la kioo lenye kufuli. Watoto wakaanza kuitwa kwa majina uwanjani, wapigwe picha, wazazi wapige makofi. Oliva hakususa. Alipanga mabegi, alihesabu soksi, alikwenda Masasi na gari la kiwanda kuchagua viatu vyeusi kwa sababu wanaume waliotumwa mara ya kwanza walileta saizi moja tu. Nilimuuliza kama haumii kuona kazi yake imevikwa fulana ya mtu mwingine. "Mtoto havai sifa, anavaa viatu," akanijibu. "Sogea, unanizibia mwanga." Mwaka jana mzazi mmoja akafanya ujanja akachukua begi mara mbili, na Meneja akaapa kwamba halitatokea tena.

Sasa nije kwenye mwaka huu.

Matokeo ya darasa la saba yalipotoka, Tekla alikuwa amefaulu vizuri mno, akapangiwa shule ya bweni upande wa Masasi. Oliva alizunguka na simu mabenchi yote akituonyesha jina. Kusoma kwenyewe anasoma kwa shida, ila jina la mwanawe alilijua lilipo kwenye kioo, analigusa kwa kidole kilekile kila mara. Kisha ikaja karatasi ya mahitaji. Godoro, shuka, ndoo, kwanja la kufyekea, sanduku la bati, sketi mbili, mashati, viatu, kaunta buku kumi na mbili, rimu ya karatasi. Shule haina kosa, mtoto hawezi kulala kwenye saruji. Lakini ile karatasi Oliva aliikunja mara nne akaiweka kifuani, na siku hiyo hakumtania mtu.

Desemba kiwanda kilizidiwa. Mzigo wa mteja ulitakiwa kabla ya sikukuu na mabenchi hayakutosha. Meneja akaniita, akasema korosho zilizokwisha kupikwa zipelekwe majumbani, wanawake wabangulie huko na watalipwa kwa kilo. Nikagawa mimi. Oliva nilimpelekea magunia matatu, yakashushwa mlangoni kwake kwa toroli. Aliniangalia, akasema ni mengi kwa mtu mmoja ambaye mchana yuko kiwandani. Nikamwambia, "Mama Tekla, godoro linakungoja. Tafuta wa kukusaidia." Hayo ndiyo maneno yangu, sikusingiziwa. Akabangua magunia yote matatu kwa siku tisa, akanunua godoro, shuka na ndoo. Vilivyobaki, sanduku na sare na kaunta buku, vikawa ni vya mpango. Jina la Tekla lilikuwa la saba kwenye orodha. Kuripoti ilikuwa Jumatatu, na ugawaji ukawekwa Jumamosi.

Jumamosi asubuhi uwanja wa kiwanda ulijaa. Bendera ile, viti vya plastiki, mpiga picha aitwaye Danieli kutoka Masasi. Wanafunzi thelathini na mmoja na wazazi wao. Mezani alikaa Faridi na tableti mpya, na pembeni yake kidude cheusi chenye kioo chekundu. Meneja akasimama, akasema mwaka huu hakuna ujanja: mzazi anaweka kidole, mfumo unakisajili, begi linatoka. Kidole kimoja, begi moja. Hakuna kidole, hakuna begi. Watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga.

Wa kwanza baba mmoja fundi cherehani, kikasoma. Wa pili mjane muuza mihogo sokoni, kikasoma. Wa tatu Kulwa wetu. Kikakataa.

"Rudia," akasema Faridi.

Akarudia, kikakataa. Akajaribu cha kati, cha mwisho, gumba. Kidude kinalia tii, kinawaka nyekundu. Faridi akamwambia akae pembeni kidogo. Wa nne kikasoma, wa tano na wa sita vikasoma. Wa saba akaitwa Oliva, akaja na Tekla kamshika mkono, binti amesuka nywele vizuri na amevaa viatu vya kuazima.

Oliva akaweka kidole. Tii.

"Pakaza kwenye paji la uso, Mama Tekla, kipate mafuta," akasema Faridi.

Akapakaza. Tii. Akakipangusa na kanga, tii. Akaenda kwenye ndoo akakisugua kwa sabuni na mchanga, akarudi, tii. Vidole kumi vyote, kimoja kimoja, uwanja mzima unatazama. Nikaanza kusikia joto masikioni, maana nilikwisha kuelewa.

Ganda la korosho lina mafuta. Mafuta yale yakikugusa yanakuunguza, ngozi inakuwa nyeusi, inababuka, inaota nyingine, nayo inababuka. Tunajipaka majivu na mafuta ya mbarika, yanasaidia kidogo. Glavu zililetwa jozi ishirini mwaka juzi kwa wanawake thelathini na wanane, na ukizivaa huhisi kiini, unakivunja, na kiini kilichovunjika wanakulipa kama wanakudhihaki. Basi wanavua. Ukifanya miaka kumi hivyo, ncha za vidole zinakuwa laini kama kijiko. Mistari hakuna. Ile mistari aliyotupa Mungu, ya Oliva imebaki kwenye magunia ya Meneja.

Na waliokataliwa walikuwa nani? Wabanguaji. Wazazi tisa kwenye orodha walikuwa wa chumba changu, na wote tisa kidude kiliwakataa. Fundi cherehani kimesoma, dereva kimesoma, mwenye duka la vocha kimesoma. Wanawake waliokusanya vile vitu, waliotoa kalamu zao debeni wakati hakuna bendera wala mfadhili, wamesimama pembeni ya ukuta kama watu waliokamatwa. Jamani! Mtu usikasirike?

Nikaenda mezani. "Meneja," nikasema, "hawa unawajua. Unawaona kila siku. Kulwa huyu unamjua, Oliva huyu unamjua. Wape watoto mabegi yao, andika majina, wasaini."

"Mama Mujibu, mimi sina shida nao," akasema, anatabasamu kwa sababu ya kamera. "Mfumo ndio unakataa. Wafadhili wanataka vidole."

"Vidole vyao umevila wewe!"

Nilisema hivyo, na sauti yangu haijawahi kuwa ndogo. Watu wakaguna. Meneja akaacha kutabasamu. Faridi, mtoto wa watu, hana ubaya, akajaribu kupoza mambo. Akasema mfumo hauulizi umri, unataka mistari tu. Basi wanafunzi wenyewe waweke vidole vyao, mmoja mmoja, badala ya mama zao. Meneja akakubali haraka. Wanawake wakashusha pumzi, na Oliva akamsukuma binti yake mgongoni taratibu. "Haya, msomi," akasema. "Onyesha."

Tekla akaweka kidole cha shahada. Tii.

Tukafikiri jasho. Akapangusa kwenye sketi, akaweka tena. Tii. Faridi akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu. Na mimi nikainama nikaona. Ncha za vidole vya mtoto wa miaka kumi na minne, nyeusi, zimebabuka, cha shahada na gumba mkono wa kulia bado zina vidonda vilivyokauka. Tangu Krismasi ananisalimia shikamoo, naitikia marahaba, sijamtazama mikono hata siku moja.

"Wewe nawe unabangua?" Faridi akamuuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Ndiyo," akasema Tekla. Amelelewa kusema kweli akiulizwa na mkubwa. "Mama akiwa kiwandani. Yale magunia ya Mama Mujibu."

Ya Mama Mujibu. Si ya kiwanda, si ya Meneja. Alivyoyajua mtoto ndivyo hivyo, kwa sababu mimi ndiye niliyesimama mlangoni kwao yakishushwa.

Nilimtazama Oliva. Nilitaka anitukane, Wallahi nilitaka. Angenitukana Kimakonde matusi yote ya Mkunya ningepona. Alikuwa anatazama mikono ya mwanawe kama mtu anayesoma kitu kigumu, na mdomo unacheza. "Nilimwambia avae glavu zangu," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nilimwachia za kwangu."

Meneja alimgeukia Danieli kwanza. "Zima hiyo kamera." Kisha akaja karibu, akaongea kwa kunong'ona, na kunong'ona kwake ndiko kulikonipandisha zaidi. "Huyu binti atoke kwenye orodha. Mtoto anabangua korosho zetu! Wafadhili wakisikia tumekwisha. Atolewe kabisa, tuseme hakufika. Na mtoto mwingine wa mbanguaji asiguse kidude hicho, visije vikaonekana vidole vingine kama hivi."

"Atolewe?" nikasema. "Hujaona vidonda, umeona orodha? Nani aliyesema magunia yaende majumbani?"

"Nani aliyeyagawa?" akanijibu.

Yeye alisema, mimi nikagawa. Alisema yaende, hakusema matatu. Matatu nilisema mimi, kwa sababu Oliva ana mkono mwepesi na mzigo ulitakiwa kwisha, na msimamizi ambaye mzigo wake umekwisha mapema hupewa kilo tano za sukari ya sikukuu. Nilipewa. Tulikunywa chai mpaka Mwaka Mpya.

Sasa hasira nilizokuwa nazo zilikuwa hazijui pa kwenda, zinanigeukia, zinamrudia Meneja, zinanigeukia tena. Nikakumbuka alichosema yeye mwenyewe: kidole kimoja, begi moja. Hakusema kidole cha nani.

"Faridi," nikasema, "niandike mimi. Napokea kwa niaba ya Tekla."

"Wewe si mzazi wake," akasema Meneja.

"Na wewe si mwanzilishi. Niandike, Faridi."

Sijui Faridi alipata wapi moyo, labda aliniona nilivyovimba. Akasogeza kile kidude. Nikaweka kidole.

Kilisoma mara ya kwanza. Hakikulia, hakikusita, kikawaka kijani. Miaka sita nimeshika kalamu, na mistari yangu imeota yote, kamili. Ilionekana kubwa kwenye tableti, mduara juu ya mduara, Faridi ameiacha pale ikijaza kioo, na wabanguaji wangu wamesogea kuitazama. Kulwa aliitazama, kisha akatazama mkono wake, kisha akanitazama mimi. Nilikificha kidole ndani ya kanga kama nimekiiba mahali.

Nikajaribu cha pili, kwa ajili ya mtoto wa Kulwa. Faridi alipoandika jina langu tena, mfumo ukasema mtu huyu amekwisha kupokea. Kumbe kidude kile kinajua kazi yake, watu wenyewe ndio hawajui. Mabegi manane yakarudishwa stoo, mpaka mfumo urekebishwe. Leo ni mwezi wa tatu, yako palepale, panya wameanza na soksi. Nimekwenda ofisini mara nne. Mara ya nne Meneja aliniuliza kama kazi nimeichoka. Watoto wanane wa wabanguaji wako shule bila vitu vyao, wengine hawako shule kabisa, na kwenye barua iliyokwenda Dar es Salaam imeandikwa kwamba ugawaji ulikamilika. Nimeiona kwa macho yangu, Faridi aliipiga chapa huku hanitazami.

Magunia ya majumbani sigawi tena. Nimemwambia Meneja ampe daftari mtu mwingine wa kuyagawa, na najua atampata. Kwa hilo msinisifu, nimechelewa miezi mitatu.

Tekla aliondoka Jumatatu na basi la asubuhi. Anaandika vizuri, mama yake anasema, ingawa kalamu ilimuuma wiki za mwanzo. Nafurahi kwa hilo, na furaha yenyewe inanikwama.

Maana siku ile ya Jumamosi nililibeba lile sanduku mimi mwenyewe, begi juu yake, nikampelekea Oliva pale ukutani. Nilitaka kusema samahani, nikasema tu, "Mama Tekla, pokea."

Akapokea kwa mikono miwili. Akakunja goti kidogo, vile wanavyomkunjia Meneja wakipewa bahasha. Tulikaa benchi moja miaka minane, tumekula muhogo mmoja tukigawana kwa kuvunja, amenicheka na kunisema na kunikopesha majivu.

"Ahsante, bosi," akasema.